Ugonjwa wa sukari haujui siku ya yenga



Tukiongea juu ya ugonjwa wa sukari katika mikutano yetu, tunaongea juu ya chakula, dawa na bei ya dawa. Ni vizuri, kwani mambo hayo yanalinda uhai. Lakini mara nyingi, mkutano ukiisha na viti vikianza kupangwa, mama mmoja hubaki nyuma na kusema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, sindano nimekwisha kuizoea. Kinachonichosha ni kuwaza sukari tangu asubuhi mpaka usiku." Mwingine anasema: "Nikiona ile mashini ya kupima, moyo unaruka." Na wa tatu, mwenye mtoto mgonjwa, anasema kwamba ni miaka miwili sasa hajalala usiku mzima.

Maneno haya hayaandikwi kwenye karatasi ya dawa. Lakini mara nyingi ndiyo yanayofanya mtu aache dawa. Kwa hiyo juma hili tuyaweke mezani.

Tuhesabu kazi yenyewe

Wengi wanafikiri kwamba mgonjwa wa sukari ana kazi mbili tu: kumeza dawa na kuacha sukari ya chai. Tuhesabu pamoja. Akiamka anapima damu, kama bandeleti za kupimia zipo. Anameza dawa au anachoma sindano. Anafikiri ale nini, kiasi gani, saa ngapi. Akienda shambani au sokoni, anajiuliza kama kazi hiyo na jua hilo vitashusha sukari mbele ya saa ya kula, na anabeba kitu kitamu mfukoni kwa ajili ya hatari. Jioni anaangalia miguu yake, hata katikati ya vidole, kama kuna kidonda. Anahesabu dawa zilizobaki, kisha franka zilizobaki. Usiku anaamka kwenda kukojoa na anajiuliza: imepanda tena?

Mtoto anayechomwa insulini mara 4 kwa siku, anachomwa mara 1,460 kwa mwaka. Katika miaka 6 ya masomo ya msingi, ni mara 8,760. Na kila mara yuko mtu mzima, karibu kila mahali ni mama, ambaye lazima akumbuke, atayarishe, apime kiasi, amtulize mtoto, na aandike.

Kazi nyingine zetu zina pumziko. Anayelima anapumzika mavuno yakiingia. Mwalimu ana likizo. Anayenyonyesha, siku moja mtoto anaacha ziwa. Ugonjwa wa sukari haujui siku ya yenga, haujui Noeli, haujui matanga. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na dawa zote nyumbani na bado akashindwa.

Uchovu huu si uvivu

Uchovu huu si uvivu, na si ukosefu wa imani. Waganga wanaujua. Mwaka 1995, huko Marekani, mtaalamu wa saikolojia William Polonsky pamoja na wenzake walitoa orodha ya maswali 20 kwa wagonjwa wa sukari. Maswali hayo hayaulizi juu ya damu. Yanauliza juu ya moyo: hofu ya siku zijazo, kujilaumu juu ya chakula, kujisikia peke yako na ugonjwa, kuchoka na juhudi ya kila siku. Orodha hiyo imetafsiriwa katika lugha nyingi, na bado inatumika.

Tunaitaja kwa sababu moja. Mama anayekaa jikoni kwake Bukavu, Uvira au Goma, na kujiuliza kama yeye peke yake ndiye mdhaifu, ajue kwamba hayuko peke yake. Mzigo anaousikia umeonekana kwa wagonjwa wa nchi tajiri pia, wenye furigo, umeme na dawa za kila namna. Ikiwa wale wanachoka, basi mama anayetembea saa mbili kufika kituo cha afya ana haki ya kuchoka.

Moyo na damu vinaongea

Tena kuna jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Mtu akiwa na hofu, hasira au huzuni kubwa, mwili wake unatoa homoni zinazoitwa adrenalini na kotizoli. Homoni hizo zinaambia ini litoe sukari iliyowekwa akiba, ili mtu apate nguvu ya kukimbia au kupigana. Kwa mtu mzima wa afya, insulini inarudisha sukari hiyo mahali pake. Kwa mgonjwa wa sukari, inabaki ndani ya damu.

Kwa hiyo mama anaweza kula sawasawa, kumeza dawa sawasawa, na bado akaona namba kubwa. Labda usiku kulisikika risasi. Labda mtoto amefukuzwa masomo kwa sababu ya minerval. Labda ana malaria au kidonda chenye usaha, kwani ugonjwa mwingine pia unapandisha sukari. Kumuuliza tu "Umekula nini tena?" ni kumlaumu kwa kosa ambalo pengine hakufanya. Na lawama inaongeza hofu, na hofu inaongeza sukari.

Kuna upande wa pili pia. Sukari ikishuka sana, chini ya 70 kwa mashini zetu nyingi, mtu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, moyo unapiga mbio, anakasirika au analia bila sababu, anaongea kama mlevi. Jamaa wengi wanasema: "Huyu tabia yake imeharibika." Hapana. Kwa mtu anayetumia insulini, au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana, hasira ya gafula ni alama ya kuangalia. Usigombane naye. Mpimie. Kama mashini haipo, mpe vijiko vidogo 3 vya sukari ndani ya maji, ngojeni dakika 15, mpime tena. Kama bado, rudieni. Akipata nafuu, ale chakula. Lakini kama amezimia au hawezi kumeza, msitie kitu kinywani mwake. Mlazeni kwa ubavu na mumkimbize hospitali.

Namba si pointi za masomo

Sisi walimu tunatoa pointi. Tunajua mtoto anavyotetemeka siku ya kupewa karatasi yake, na tunajua kwamba yule anayeogopa sana anaficha karatasi ile. Ndivyo wagonjwa wengi wanavyofanya na mashini ya kupima. Wanaiona kama mwalimu mkali. Ikionyesha 110, wao ni watu wazuri. Ikionyesha 280, wao ni wabaya. Mwishowe wanaacha kupima ili wasihukumiwe.

Lakini namba ya damu si pointi. Ni kama kuchungulia chungu: unafunua kifuniko kujua kama maji yamepungua, kisha unaongeza maji au unapunguza moto. Hakuna anayetukana chungu. Tujizoeze, na tuwazoeze watoto wetu, kusema: "Leo ni 280. Sawa. Tuangalie kitu gani kinaweza kuwa sababu, na tufanye nini sasa." Namba kubwa ikirudi siku nyingi, au ikija pamoja na kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa nguvu, ni safari ya hospitali bila kungoja.

Ulimi wa jamaa

Tukiri wamama, maumivu mengi ya ugonjwa huu yanatoka kwa watu wanaotupenda. Mgonjwa akichukua bugali, macho yote yanafuata mkono wake. Akikataa kula kwenye matanga, wanasema anajivuna au anaogopa sumu. Akienda kwa wakwe, chakula kinajazwa sahani mbili, na kukataa ni matusi. Kijana wa kike mwenye kuchoma insulini anaambiwa hatapata bwana, wala hatazaa. Hilo ni uongo: wanawake wenye ugonjwa wa sukari wanazaa watoto wazima, wakifuatwa vizuri na waganga tangu mbele ya mimba na wakati wote wa mimba.

Hebu tubadilishe maneno machache tu. Mahali pa "Usile hiyo!", tuseme: "Yaya, nimekuwekea lenga-lenga na samaki kwanza, bugali utajipimia mwenyewe." Mahali pa "Umechoma sindano?" mara kumi kwa siku, tupatane saa moja ya kukumbushana, kisha tunyamaze. Mahali pa "Jirani yetu alikatwa mguu na ugonjwa huo", tuulize: "Mama, leo ni kitu gani kinakulemea? Nikusaidie wapi?" Mama mukwe akisikia mukwe wake anakula kidogo, aseme mbele ya watu: "Mwacheni, ndivyo muganga alivyomwambia." Neno hilo moja kutoka kwa mkubwa linafunga vinywa vyote.

Na nyumba nzima ile chungu kimoja. Hakuna haja ya kumpikia mgonjwa peke yake kama mfungwa. Sahani nzuri kwake ni nzuri kwa wote: nusu iwe mboga, sombe, lenga-lenga au kabichi, isiyojaa mafuta, robo iwe maharagwe, sambaza au yai, robo iwe bugali, wali au ndizi. Mtoto mgonjwa akiona ndugu zake wanakula kama yeye, anapunguziwa mzigo mkubwa wa kujiona tofauti.

Pale uchovu unapogeuka hatari

Tuongee wazi sasa. Uchovu wa moyo ukiachwa, unafungua mlango kwa kila sauti inayosema: "Acha dawa, upumzike." Sauti hiyo inaweza kuja kutoka kwa muuza majani, kutoka kwa jirani, hata kutoka mahali pa maombi. Mtu aliyechoka anaipokea haraka, kwa sababu ndilo neno alilokuwa analitamani.

Kwa watoto na vijana wengi wenye ugonjwa huu, mwili hautengenezi tena insulini. Kabla dawa hiyo haijapatikana, mtoto wa namna hiyo alikonda na kufa, hata kama baba yake alikuwa tajiri. Katika mwezi wa kwanza wa 1922, hospitalini Toronto, nchi ya Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Alikuwa karibu kufa. Aliishi zaidi ya miaka 10 tena, na dawa za wakati ule hazikuwa nzuri kama za leo. Leo watu wanazeeka na ugonjwa huu. Lakini mtoto huyo akikatiwa insulini, anaweza kufa kwa siku chache tu. Maombi ni mema, na sisi wenyewe tunaomba. Tuombe huku sindano inaendelea. Na kama mtu mgonjwa anataka kufunga chakula kwa ajili ya maombi, aende kwa muganga mbele ya siku ya kwanza ya kufunga, wala si baada ya kuanguka.

Hatari nyingine ni aibu ya ukosefu. Kuna mama anayepunguza dawa kwa siri ili chupa ifike mwisho wa mwezi, na akifika kituo cha afya anasema: "Natumia kama mlivyoniambia." Muganga anaona namba kubwa, anaongeza dawa ambayo mama hawezi kuinunua. Wamama, tuseme ukweli. "Muganga, franka hazikutosha" si aibu. Ndiyo habari anayoihitaji ili atafute njia nyingine.

Vitu vinne vinavyopunguza mzigo

Kwanza, kugawa kazi. Mama asiwe peke yake mwenye kujua. Baba, yaya au shangazi, mtu mmoja zaidi ndani ya nyumba ajue kupima, ajue kuchoma, ajue alama za sukari ya chini. Hapo mama anaweza kulala usiku mmoja mzima kwa juma. Usiku mmoja si kidogo.

Pili, kuchagua jambo moja. Anayeambiwa abadilishe chakula, atembee, apunguze kilo, aache pombe, achunge miguu, yote siku moja, atashindwa yote. Dawa haziachwi, hizo ni za lazima. Lakini kati ya mengine, achague moja kwa mwezi huu, kwa mfano kutembea nusu saa kila jioni pamoja na jirani. Likiwa desturi, aongeze lingine.

Tatu, kumwambia mwalimu. Watoto wengine wanaficha ugonjwa wao darasani ili wasichekwe. Mama aende kuongea na mwalimu na mkubwa wa masomo mwanzoni mwa mwaka. Awaachie sukari ndani ya karatasi, awaonyeshe alama, aombe mtoto aruhusiwe kunywa maji, kwenda choo na kula saa yake ikifika. Sisi walimu tukijua, tunasaidia. Tusipojua, tunaweza kumwadhibu mtoto anayesinzia, kumbe sukari imeshuka.

Nne, kukutana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika kikundi, hata watu watatu wenye ugonjwa huu wanatosha kuanza. Wakutane mara moja kwa mwezi, kila mmoja aseme jambo moja lililomshinda na jambo moja lililomfaa. Likelemba yetu inaweza kuweka sehemu ndogo pembeni kwa ajili ya bandeleti na dawa za mwenzetu aliyekwama. Tumeshajua kuchangia mazishi. Tujifunze kuchangia uhai.

Huzuni isiyoondoka

Uchovu tuliouongea unakuja na kwenda. Lakini kuna huzuni nyingine. Kama mtu amepita majuma mawili bila furaha yoyote, halali au analala mchana kutwa, hataki kula, hataki kuoga, anasema hana faida kwa watu, hiyo si tabia. Ni ugonjwa, na unatibiwa. Mpelekeni kituo cha afya na mseme yote mbele ya muganga, si sukari tu. Na kama anasema afadhali afe, msimwache peke yake, hata saa moja. Mtu mwingine wa jamaa ashike dawa na sindano zake, ampe kwa saa zake, mpaka amepata msaada.

Kazi ya juma hili

Katika mkutano ujao wa kila kikundi, tunaomba dakika 20. Raisi wa kikundi aulize maswali mawili tu: "Nani kati yetu anachunga ugonjwa wa sukari, wake mwenyewe au wa mtu wa nyumbani? Na ni kazi gani ya kila siku inayomlemea kuliko zote?" Tusikilize mpaka mwisho, bila kutoa mashauri, bila kutaja majani, bila kuhesabu waliokufa. Kisha mama mmoja, mmoja tu, achukue kazi moja ndogo: kumsindikiza siku ya kuchukua dawa, kukaa na mtoto jioni moja, kutembea naye nusu saa.

Hatuna uwezo wa kuupa ugonjwa wa sukari siku ya yenga. Lakini anayeubeba tunaweza kumpa yake, tukipokezana.

Mbaki salama, mpaka juma lijalo.